Mgonjwa wa Mashine Namba Saba

Simu ililia saa tano kasorobo asubuhi, jua limeshaingia ofisini mpaka kwenye birika la chai. Nalitaja jua makusudi, asije akatokea mtu wa kuniambia kwamba majini ni mambo ya usiku. Giza ni la wezi wa kuku. Jini anayejiamini huja saa za kazi, tena hupanga foleni.

Aliyepokea simu aliitwa Bwana Jedwali. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa na kazi moja: kuchora majedwali ya kwenye tovuti. Ya ratiba, ya matokeo, ya wagonjwa. Alikuwa mtu mnene, mpenda utani, mwenye kitambi kilichotangulia kuingia mlangoni kuangalia kama kuna usalama. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro: meza mbili, feni moja, na karatasi ukutani aliyoiandika yeye kwa herufi kubwa, UKIGUSA, ANDIKA ULICHOGUSA.

"Bwana Jedwali," ilisema sauti ya nesi mkuu wa kliniki ya figo, "mgonjwa wako amemaliza. Njoo umchukue."

Jedwali alitazama saa ya ukutani. Mgonjwa wake alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Figo za dada huyo zilishagoma, na damu yake sasa ilisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Zamu yake ya leo ilikuwa saa tano.

"Amemaliza nini, nesi? Nimemwacha kwenye benchi lenu nusu saa iliyopita, anagombana na mto wake."

"Siyo dada yako. Huyu mwingine. Wa mashine namba saba."

Kliniki ile ilikuwa na mashine sita.

"Nesi wangu, leo umekunywa chai na nani?"

"Usinichekeshe, nina kazi. Mimi nasoma nilichoandikiwa. Mashine namba saba, ameanza saa moja, amemaliza. Ndugu wa karibu, wewe. Namba ya simu, yako. Nimepiga, umepokea. Sasa nionyeshe kosa langu."

"Anaitwa nani?"

"Mgonjwa Hewa."

Jedwali aliangua kicheko kilichomfanya Mapya, fundi mwenzake wa meza ya pili, avue spika za masikioni kuuliza nani kafa.

Mafundi wa tovuti wana tabia moja ambayo hawaisemi mbele ya wateja. Kabla ya kuingiza watu wa kweli kwenye jedwali, huingiza mtu wa uongo, waone kama mistari imenyooka. Mzee aliyeanzisha mfumo wa kliniki ile, miaka kumi na moja nyuma, alimwingiza mmoja akamwita Mgonjwa Hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaopandishwa vyeo bila kuwa na miguu. Mzee alipoacha kazi ghafla, Jedwali akarithi mfumo pamoja na mtu wake. Kila fomu ilipodai kitu, alimjazia: umri, uzito, kundi la damu. Fomu ilipodai ndugu wa karibu, aliona uvivu kubuni ndugu, akaandika jina lake mwenyewe na simu yake mwenyewe. Wagonjwa wa kweli walipoingia hakumfuta, maana mtu wa majaribio huhitajika tena. Alimfunika tu. Kwenye mstari wake aliongeza sifa moja, neno moja dogo, *ficha*, na skrini ikikuta neno hilo kwenye mstari, mstari hauonyeshwi.

Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo chini ya jedwali kulikuwa na mtu mwenye jina, mwenye kilo sabini, mwenye ndugu. Alichokosa ni yeye mwenyewe tu. Nyumba iliyokamilika namna hiyo haikai bila mpangaji.

"Nesi, huyo hayupo," Jedwali akasema, akijifuta machozi. "Ni mtu wa majaribio, amechungulia kwa bahati mbaya. Namrudisha ndani sasa hivi."

"Nilijua tu. Hapa hatuna mashine ya saba."

Nyuma ya sauti yake zilisikika mashine zikilia pii, pii, kila moja kwa mwendo wake. Kisha nesi akashusha sauti. "Ngoja kidogo. Ni nani amewasha kitu nyuma ya pazia?"

Simu ikakatika. Ofisini kukaanza kunuka siki, siki ile ile wanayosafishia mabomba ya kliniki.

"Nani kamwaga nini?" Mapya akauliza, akiinua miguu kuangalia viatu vyake.

Jedwali alikuwa ameshafungua mfumo. Orodha ya wagonjwa ilikuwa moja, lakini ilionyeshwa mahali patatu, na kila mahali palikuwa na kiolezo chake, yaani ule mchoro unaoigeuza orodha kuwa ukurasa. Runinga ya ukumbini ilitumia kiolezo cha Mapya, kipya kabisa, maana Mapya hakuweza kuona kitu cha zamani bila kukiandika upya. Ndiyo sababu ya jina. Simu za wagonjwa zilitumia kiolezo cha Jedwali. Na skrini ya nesi, ambayo kwayo watu waliitwa kwenye mashine, bado iliendeshwa na kiolezo cha yule mzee, na hakuna aliyewahi kuthubutu kukigusa. Watoto watatu wa baba mmoja, kila mmoja na mama yake, hawasalimiani.

Kwenye mstari wa Mgonjwa Hewa, neno *ficha* halikuwepo. Lakini halikuwa limepotea. Lilikuwa limehamia mistari minne juu, kwenye mashine namba tatu, saa tano kamili. Kwenye mstari wa dada yake.

"Mapya, umegusa?"

"Sijagusa."

"Daftari linasemaje?"

Daftari la mabadiliko lilikuwa mahali ambapo kila mguso uliandikwa, na kilichoingia humo hakikufutika. Ukibadilisha chochote, kisanduku kilifunguka kudai maelezo, na bila maelezo mfumo ulikataa. Jedwali aliandika yote: nani katoka wapi, kaenda wapi, kwa nini, kama askari wa barabarani kwenye ajali. Mapya aliweka nukta. Nukta moja, bonyeza, kwaheri. Walishagombana kwa nukta hiyo mpaka muuza magodoro akapanda juu kuwaamua.

Daftari lilikuwa safi. Hakuna aliyegusa kitu tangu Alhamisi.

Simu ikalia tena. Safari hii ni dada.

"Mdogo wangu, wewe uliyesomea kunyoosha mistari, hebu niambie. Jina langu lilikuwa kwenye hiyo runinga, sasa silioni. Na aliyekaa nyuma yangu ndiye ameitwa."

"Ni hitilafu ndogo, dada. Nairekebisha."

"Irekebishe haraka. Ijumaa mashine ilikuwa mbovu, nimerudi nyumbani na damu yangu chafu. Miguu imejaa kama hayo magodoro yenu ya chini. Jana nimelala nimekaa, nikijilaza tu nazama." Akakohoa, kikohozi chenye maji ndani. Kisha Jedwali akasikia pete yake ikigonga mkono wa benchi, tatu za haraka na moja ya peke yake, kama alivyokuwa akigonga meza zamani kumwamsha aende shule. "Nagonga hapa mpaka waniite."

Nesi mkuu alishamwambia Jedwali siku ya Ijumaa, pembeni, bila kupamba: akikosa na Jumatatu, yaani leo, maji yatapanda mapafuni.

"Andika hapana," Mapya akasema, ameshasimama nyuma ya kiti chake. "*Ficha*, kisha hapana. Kazi ya dakika moja."

Jedwali akaandika hapana. Kwenye runinga, dada akarudi. Kwenye simu, akarudi. Kwenye skrini ya nesi, mashine namba tatu ilibaki na pengo, na chini yake mstari ulikuwa umeng'aa: mashine namba saba, Mgonjwa Hewa, zamu ya pili.

Wakaandika hapana kwa herufi kubwa. Wakaandika siyo. Wakaandika sifuri. Kwa nesi, pengo liko pale pale.

"Nimelipata," Jedwali akasema, akilipiga paji la uso. "Kiolezo changu na chako kinauliza, nifiche? Tunajibu hapana, kinaacha. Kiolezo cha mzee hakisomi jibu. Kinaangalia kama neno lipo tu. Likiwepo, kimeshaficha. Tunaweza kuandika hapana mpaka kidole kiote sugu."

"Basi tuling'oe neno zima."

Akaling'oa. Dada akatokea kwa nesi. Jedwali akavuta pumzi, na kabla hajaitoa, mahali pale pale, bila mtu kugusa kibodi, herufi zikaanza kurudi moja moja, polepole, kama zinaandikwa na mtu anayetumia kidole kimoja. F. I. C. H.

"Wee!" Mapya akapiga meza, nusu anacheka, nusu analia. "Toka! Hatukutaki! Wewe siyo mtu, hujawahi kuwa mtu, hapa huna nafasi!"

A.

Mapya akanyamaza katikati ya neno lililofuata. Akautazama mkono wake wa kushoto. Ndani ya kiwiko palikuwa na matundu mawili mekundu, nadhifu, umbali wa vidole viwili, kama yale ambayo dada wa Jedwali huwa nayo kila anapotoka kwenye mashine.

"Sikusikia kitu," akasema. "Jedwali, mbona nasikia baridi?"

Simu kutoka kliniki, na nesi sasa ananong'ona kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda. "Bwana Jedwali, nyuma ya pazia kuna mashine. Imewaka. Mirija yake imejaa damu, na upande wa pili haikuungwa kwa mtu yeyote. Nimemwambia, nimesema wazi, hatuna mashine ya saba, hatuna mgonjwa kama wewe. Mkono wangu unavuja."

"Dada yangu je?"

"Dada yako yuko wapi? Kwenye orodha yangu hayumo."

"Yuko mbele yako, nesi! Kwenye benchi!"

"Naona mwanamke anagonga benchi," nesi akasema polepole. "Lakini simwoni jina."

Mapya alikuwa ameshateleza kutoka kwenye kiti. Jedwali alimbeba mgongoni kushuka ngazi, akamlaza kwenye godoro la maonyesho, lile nene la mlangoni, muuza magodoro akilalamika kwamba viatu lazima vivuliwe. Akavivua. Akamwomba muuzaji amwitie gari la wagonjwa, akatoka mbio, kwa kasi ambayo kitambi chake hakikuwahi kuiona tangu kizaliwe.

Yule mzee wa kiolezo cha kwanza alikaa mtaa wa nyuma. Alipoacha kompyuta aligeuka mganga, na uganga wake ulikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Hakupiga ngoma, hakufukiza, hakukemea. Aliingia na mgonjwa chumbani wakanyamaza, saa nzima, na mgonjwa akatoka amepona, huku ndugu wakinung'unika kwamba hata kelele kidogo hawakupewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Funga mlango, na jina lake usilitaje."

"Umejuaje?"

"Unanuka siki. Pandisha mkono wa shati."

Jedwali akapandisha. Matundu mawili, yamekauka.

"Ulisema nini juu yake?"

"Nilisema hayupo. Mara moja, tena nacheka."

"Mara moja una bahati. Tazama wangu." Mzee akapandisha kanzu mpaka begani. Makovu yalikuwa yamepangika mawili mawili, mstari chini ya mstari, yamenyooka vizuri kuliko jedwali lolote alilowahi kulichora Jedwali. "Miaka miwili nilimkataa kila siku. Nilimwandikia hapana kwa kila lugha ya kompyuta niliyoijua. Nilidhani kosa liko kwenye kiolezo. Kiolezo hakina kosa, mwanangu. Kilijifunza kwake."

Jedwali akashusha mkono wa shati lake.

"Yeye hasikii ndiyo wala hapana," mzee akaendelea, sauti yake haizidi upana wa meza. "Anasikia kwamba ametajwa, basi. Ukisema yupo, yupo. Ukisema hayupo, yupo, na damu anaivuta kwako, kwa sababu yeye hana yake. Anayemkataa kidogo anamwonja. Anayemkataa sana anammaliza."

Jedwali akamkumbuka Mapya akipiga meza. Hatukutaki, siyo mtu, hujawahi kuwa mtu, huna nafasi. Alihesabu mara nne kisha akaacha kuhesabu.

"Nifanyeje? Dada yangu anazama, mzee. Anazama amekaa."

"Lile neno liondoe kwenye violezo vyote vitatu kwa mkupuo mmoja, asipate pa kulirudishia. Mstari wake nao uondoke humo humo. Usimkemee. Usimuage. Ukimaliza, usiseme umemaliza. Na kile kisanduku cha maelezo," mzee akainua kidole, "weka nukta."

"Nukta! Kama Mapya."

"Simjui, lakini ana akili. Daftari lile nililijenga mimi, na nililijenga lisifutike, nilikuwa bado na maringo. Ukimwandika humo, hata kwa kumkana, atakuwa anatajwa kila sekunde, mpaka umeme uishe duniani."

Saa sita kasorobo Jedwali alikuwa tena kwenye kiti chake, jasho linadondokea kibodi. Alipopita chini, muuza magodoro alimwambia kwamba gari la wagonjwa liko njiani, na kwamba mwenzake amelala vizuri sana, hata kugeuka hageuki. Hakusimama. Dada alikuwa amepiga mara sita, na mara ya sita hakusema neno. Ilisikika pete tu, tatu za haraka na moja, na katikati yake pumzi inayokoroma kama mtu anayevuta maji ya mwisho ya glasi kwa mrija.

Alifungua violezo vitatu kwa pamoja, na wakati anatafuta lile neno katika cha kwanza akasikia kiti cha Mapya nyuma yake kikilalamika kama kimekaliwa na mtu wa kilo sabini, na wakati analichagua katika cha pili ile harufu ya siki ikamsogelea shingoni ikawa na joto la pumzi, na wakati anafika kwenye cha tatu, kile cha mzee, mkono ambao hakuuona ukawekwa juu ya mkono wake juu ya kipanya, taratibu, bila ubaya wowote, kama mwalimu anayemwongoza mtoto kuandika, na kila mshipa wa mwili wake ulitaka kupiga kelele za niache, sitaki, toka, na yeye akauma ulimi mpaka akaonja chumvi, akabonyeza. Kisanduku kikafunguka. Akaweka nukta.

Feni ikazunguka. Chini, mtu alikuwa anauliza bei ya mto.

Jedwali akaangalia runinga, simu, skrini ya nesi. Mahali pote patatu dada alikuwepo, mashine namba tatu, na chini ya mstari wa sita hapakuwa na kitu. Akahesabu mpaka mia. Hakuna herufi iliyorudi. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na harufu iliyokuwepo ilikuwa ya chai iliyolala.

Dakika kumi baadaye dada akapiga. "Wameniunga, mdogo wangu," akasema, amechoka ila amenuna, na kununa kwake kulikuwa muziki. "Kumbe hiyo kazi yako ina faida. Jioni uje na ndala zangu za nyumbani, hizi za kwenda hospitali zinanibana."

"Nitakuja nazo, dada."

Akalia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha akamimina ile chai iliyolala akainywa. Saa saba alikuwa bado amekaa, ametulia, anatazama skrini kwa mapenzi kama mtu anayetazama nyumba yake baada ya kufagia. Ndipo macho yake yakateremka mpaka kwenye daftari la mabadiliko.

Miaka kumi na moja ya maelezo. Maelfu ya mistari yake, kila mmoja umekamilika, una tarehe, una sababu, kwa Kiswahili safi. Na mwisho kabisa, kwenye badiliko kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, mbele ya jina lake mwenyewe: nukta.

Alijisogeza kwenye kiti. Akaitazama karatasi ya ukutani. Akafikiria kwamba kesho atakuja fundi mwingine, akute mtu katolewa na neno limeondolewa, asijue nani, asijue kwa nini, amrudishe kwa ujinga. Lilikuwa wazo la busara, lile wazo baya kabisa. Vidole vikashuka vyenyewe kwenye kibodi, kama vilivyoshuka kila siku kwa miaka kumi na tisa, na kisanduku cha nyongeza, chini ya ile nukta, kikavipokea:

*Nimemfuta Mgonjwa Hewa, hayupo tena kwenye mfumo. Mgonjwa wa mashine namba tatu hafichwi tena.*

Akasoma mara moja kutafuta makosa. Hakukuwa na kosa hata moja. Akabonyeza.

Ni pale kidole kilipokuwa bado kiko chini ndipo alipoyakumbuka makovu ya mkono wa mzee, mawili mawili, mstari chini ya mstari. Alivamia kibodi kufuta. Daftari likamjibu kwa upole, kama lilivyojengwa kujibu, kwamba maelezo yaliyopokelewa hayafutiki.

Simu ikalia.

"Bwana Jedwali." Sauti ya nesi ilikuwa imenyooka, imekauka, kama mtu anayesomea ubaoni. "Mgonjwa wako amemaliza. Njoo umchukue."

"Dada? Dada hawezi kumaliza, ameanza sasa hivi!"

"Dada yupi? Una mgonjwa mmoja tu."

Alishuka ngazi tatu tatu. Gari la wagonjwa lilikuwa bado halijafika, na mlangoni, juu ya godoro la maonyesho, Mapya alikuwa amelala chali, miguu mitupu, mweupe kama kitambaa cha godoro lenyewe, na hakukuwa na tone la damu mahali popote, wala juu yake wala, kwa jinsi alivyokuwa amebonyea, ndani yake. Mama mmoja mnunuzi alikuwa ameshika kona ya godoro analipima unene kwa vidole. "Hili linalalika vizuri," alikuwa anamwambia muuzaji. "Mtazame huyo."

Kliniki ilikuwa na mashine sita. Alizihesabu anaingia, moja mpaka sita, na pazia la mwisho lilikuwa wazi na nyuma yake palikuwa na ukuta. Mashine ya saba haikuhitajika tena. Kwenye kiti cha mashine namba tatu alikaa mtu, amejifunga mtandio wa dada yake, miguuni ndala za dada yake, na alikuwa na uso uliokamilika na usio na kitu, uso wa fomu, umri umejazwa, uzito umejazwa, kundi la damu limejazwa, rangi ya damu mpya mashavuni. Alinuka siki kidogo sana, kama mtu aliyeoga.

"Umechelewa, mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya dada. "Twende nyumbani."

Jedwali alifungua mdomo. Wewe siyo dada yangu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndani ya kiwiko chake, mshipa ukainuka kuisubiri sindano.

Na hapo, kutoka kwenye kiti kile kile, chini ya kiwiko cha yule aliyekaa, akasikia chuma kikigonga chuma. Tatu za haraka. Moja. Alitazama mkono wa kiti: hapakuwa na pete, hapakuwa na kidole, ila rangi ilikuwa inabonyea katundu kadogo, kanaongezeka. Alielewa kazi yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Mstari uliofichwa haufutwi. Unabaki pale pale, na kila kilichomo, ila hakuna anayeuona na hakuna anayeuita.

"Nesi," akanong'ona, "husikii?"

"Nasikia nini?" Nesi alikuwa na plasta tatu mkononi, anakunja shuka. "Mchukue mtu wako, tafadhali. Nataka kufuta kiti. Akitoka huyo, hakina mtu."

Yule wa kwenye kiti akanyoosha mkono apokelewe, na Jedwali, ambaye hakuthubutu kusema ndiyo wala hapana, akaupokea. Ulikuwa na joto. Akamnyanyua, kilo sabini kamili, akamtembeza polepole kuelekea mlangoni, kama ndugu wa karibu alivyoandikwa.

Nyuma yao pete iligonga tatu za haraka na moja. Walipofika kwenye benchi la ukumbini iligonga tatu. Walipofika mlangoni iligonga mbili, ya pili kwa mbali sana, na nesi alikuwa ameshachukua kitambaa, anapangusa kiti, anapiga mluzi.